Injini ya Foksi Juu ya Mikorosho ya Mkunya

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza swali lilelile, Newala kulikuwaje, na kila mara najibu kulingana na nilivyoamka. Edina nilimwambia mambo yalikwenda vizuri. Majuto nilimwambia niliponea chupuchupu. Sasa wawili hao wamekutana, wamelinganisha, na wanadai mmoja wao amedanganywa. Hakuna aliyedanganywa. Naandika yote hapa mara moja, msomeane. Habari za vibali, tiketi na mihuri naziacha. Zilinichosha nilipokuwa nazihangaikia na sina hamu ya kuzihangaikia tena kwa kalamu.

Kwa ambao hawakufuatilia: wakulima wa korosho wa Mkunya, kule Newala, wana ndege. Msicheke. Ni ndege ndogo ya kupulizia dawa, tuseme baiskeli ya matairi matatu iliyoning'inizwa chini ya bawa la turubai, injini na propela zikiwa mgongoni kwa rubani. Wenyewe wanaiita traiki. Waliachiwa na mradi wa wafadhili ulipofungwa, na haukupita muda injini yake ikafa. Zamani wangeandika barua wizarani na kusubiri mpaka wajukuu wazeeke. Lakini tangu milango ya biashara ifunguliwe, Dar imejaa injini za magari zilizotumika, na mjomba wangu mwenye gereji Keko akawaambia, nileteeni vipimo vya fremu, nina mpwa mhandisi.

Mpwa huyo alikuwa amemaliza chuo na kukuta serikali imeacha kuajiri. Alikuwa na muda mwingi. Nikachagua injini ya Foksi, lile gari la mgongo wa kobe, kwa sababu inapozwa kwa hewa na haihitaji rejeta. Injini ya gari huzunguka haraka mno kwa propela, kwa hiyo lazima ipunguzwe kasi. Ile ya zamani ilipunguzwa kwa gia. Mimi nikaweka puli mbili na mikanda, nyepesi, rahisi kutengeneza, haitaki oili. Niliona fahari sana juu ya mikanda ile. Ikumbukeni.

Dar hadi kivuko cha Rufiji

Tuliifunga injini ndani ya sanduku la mbao na kuipakia kwenye lori lililokuwa likipeleka mitumba na mifuko ya salfa, dawa ya mikorosho, kusini. Dereva alikuwa Bwana Saidi, mtu wa Masasi, mnene, mpole, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata adhuhuri. Alinikalisha mbele. Kabla hatujafika Kibiti nilikuwa nimemsimamisha mara kadhaa ili nikague kamba. Mara ya mwisho hakuzima hata gari.

"Mwanangu," alisema, "hiyo injini ina mimba?"

"Hapana, mzee."

"Nauliza tu, maana unavyoipapasa."

Tulipofika mtoni, pantoni ilikuwa imekwama ng'ambo, na foleni ya malori ilikuwa ndefu kiasi kwamba watu walishaanza kufua nguo na kuanika kwenye vioo vya pembeni. Tulilala pale. Kesho yake pantoni bado ilikuwa ng'ambo ikigongwa nyundo. Nilikaa kivulini nikihesabu uzito wa sanduku, uzito wa lori, na upana wa mbao za pantoni, nikapata jibu ambalo sikulipenda, nikahesabu upya.

Bwana Saidi alininunulia kambale wa kukaanga kwa mama mmoja pale kando. Tukiwa katikati ya kula akaniuliza jina la ukoo.

"Gama," nikasema.

Akaweka samaki chini. "Gama wa Songea?"

"Baba ndiye wa Songea. Mimi nimekulia Keko."

"Keko haimbadilishi mtu," alisema, kisha akafuta mkono wake wenye mafuta kwenye bega la shati langu, taratibu, pande zote mbili. Akamgeukia muuza samaki. "Mama, huyu usimpe mkia. Ni Mngoni. Babu zake walishakula fungu lake."

Yule mama akanipokonya sahani, akatoa mkia, akanirudishia. Nami nilikula kichwa kimyakimya, nikijiuliza kama nilimwamkia Bwana Saidi asubuhi ile au nilisahau.

Kutoka mtoni hadi Masasi

Pantoni ilibeba, hesabu yangu ikapuuzwa, tukavuka. Baada ya hapo ni mchanga. Lori lilizama, tukashuka, tukasukuma, tukapanda, likazama. Nangurukuru tulikunywa chai kwa mihogo ya kuchemsha. Kila tuliposimama, Bwana Saidi alinitambulisha kwa wateja wote wa mgahawa.

"Jamani, huyu Mngoni analeta ndege Newala. Babu zake walitujia kwa miguu na mikuki, wakachoka. Sasa wanarudi kwa hewa."

Watu walicheka, nami nilitabasamu kwa namna ya mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Mmoja aliniuliza kama safari hii tungechukua wanawake au mbuzi tu. Nilimjibu kwamba ndege yenyewe inabeba watu wawili tu, na kwamba uzito wa mbuzi unategemea. Alinitazama kwa huruma.

Mtasema nilipaswa kujua. Nilijua kwamba kuna kitu kinaitwa utani wa makabila, kama ninavyojua kwamba kuna upasuaji wa moyo. Nyumbani kwetu hatukutaniana na mtu. Baba ni mwalimu wa hesabu. Kwa hiyo usiku nilipolala juu ya marobota ya mitumba nilipanga ushahidi wote na kuamua kwamba dereva ananichukia, na kwamba ni mstaarabu ndiyo maana hanipigi.

Tulipopita Ndanda na yale majabali ya Masasi yakaanza kujitokeza mbele yetu, makubwa, yamekaa kila moja peke yake kama wazee waliogombana, nilishusha pumzi. Mapema mno.

Masasi: injini yawekewa msiba

Bwana Saidi alinishusha kwenye nyumba ya wageni, akasema anakwenda kupakua mitumba na atarudi na sanduku langu. Alipokuwa akiondoka alichungulia dirishani.

"Gama. Babu zako walichukua mbuzi wa babu zangu. Leo ni siku yangu."

Akaondoka. Alasiri haikumleta. Nilizunguka soko lote nikiulizia lori la kijani, na kila niliyemuuliza aliniambia limeelekea upande mwingine, na wote waliniaga kwa furaha isiyo ya kawaida. Hatimaye nilikwenda polisi.

Askari wa zamu alikuwa mama wa makamo. Alifungua daftari.

"Umeibiwa nini?"

"Injini ya ndege, afande."

Aliandika bila kushtuka. "Na nani?"

"Dereva wa lori. Bwana Saidi. Ni Myao wa hapahapa."

"Wewe unaitwa nani?"

"Gama."

Kalamu ikasimama. "Mngoni?"

"Ndiyo."

"Aliondoka akisema nini?"

Nikamweleza habari za mbuzi. Akafunga daftari, akaliweka kando, akakunja mikono juu yake.

"Nenda sokoni kanunue jogoo."

"Afande?"

"Jogoo. Usinunue tetea, watakurudisha."

Ndiye aliyenifafanulia, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara, kwamba kwa sababu ya vile vita vya zamani Mngoni ana watani kuanzia Masasi hadi juu Newala, awe Myao, Mmakua au Mmakonde. Wanaweza kumtukana, kumnyang'anya, kumzika akiwa hai, naye anaweza kuwafanyia vivyo hivyo. Mwiko ni mmoja: kukasirika. "Na ukikomboa kitu chako," alisema, "usiombe. Tukana kidogo."

Nilifika kwa Bwana Saidi, nyumba iliyo chini ya jabali, nikiwa na jogoo kwapani na tusi moja nililolifanyia mazoezi njiani. Nilikuta msiba. Sanduku limefunguliwa, injini imelazwa kwenye mkeka, imefunikwa shuka jeupe hadi kwenye kabureta. Akina mama wameizunguka, wamejifunga kanga vichwani, wanalia kwa zamu.

"Alikuwa mtu wa mjini," alilia dada yake Bwana Saidi. "Hakuzoea vumbi. Mmemuua, Wangoni nyinyi."

"Wewe ndiye mfiwa?" mwingine akaniuliza.

Tusi lilinitoka kichwani lote. Nilisema, "Tafadhali, msifungue plagi."

Walianguka. Nasema walianguka kweli, mmoja akaangukia injini. Sikuwahi kuchekesha watu kiasi kile maishani, na sikuwa nimekusudia. Jogoo alipokewa, akachinjwa, akaliwa kwa wali wa nazi, na marehemu akafufuliwa na kurudishwa sandukuni. Aliyenisaidia kufunga misumari alikuwa jirani yao, Fundi Kanisius, Mmakua mwenye karakana na mashine ya kukereza chuma. Aliiangalia injini kwa muda, akasema ina sura nzuri kuliko mwenyewe, na kwamba nikivunja kitu huko juu nisione haya kushuka.

Kupanda Newala

Kutoka Masasi nilipata nafasi kwenye Landrova ya abiria, sanduku likafungwa nyuma. Nchi ni tambarare, mashamba na mikorosho, mpaka unapofika ukingo wa uwanda wa juu, na hapo barabara inapanda kwa kona kama mtu anayetafuta kisingizio. Kwenye kona mbaya kuliko zote niliomba kushuka nitembee nyuma ya gari. Abiria waliuliza kama naumwa. Nikasema nataka kuitazama kamba. Walinitazama mimi nikiitazama kamba, nao wakapata cha kuongea mpaka juu.

Juu kuna baridi. Hakuna aliyeniambia. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, na akina mama waliokuwa wakipanda kutoka visimani bondeni wakiwa na ndoo kichwani walitokea ghafla ndani yake, mmojammoja. Stendi, mama mmoja aliyetua ndoo yake kupumzika aligusa sanduku kwa kidole.

"Hiyo ndiyo injini ya Baba Zuhura?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Inakunywa maji?"

"Hapana. Inapozwa kwa hewa."

"Basi karibu," alisema, na akajitwisha ndoo yake.

Baba Zuhura mwenyewe, rubani, alikuja na mkokoteni wa ng'ombe. Ni Mmakonde wa Mkunya, mrefu, mkavu, mwenye miwani ya fundi wa kuchomelea aliyoipandisha kwenye paji la uso. Nilimwamkia.

"Marahaba, Mngoni," akasema. "Nimesikia ulifiwa Masasi. Pole. Marehemu atazikwa lini?"

Habari zilinitangulia kwa gari gani, mpaka leo sijui.

Mkunya: ndege yarudi nyuma

Nyumbani kwake Mama Zuhura alinipokea kwa ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, na asubuhi chai kwa ming'oko, mizizi ya porini inayochemshwa na kumenywa kama viazi, mitamu, inakuachia uzi katikati ya meno kama ukumbusho. "Kula, Mngoni," aliniambia. "Sumu tutakutilia ndege ikisharuka."

Baba Zuhura alinipeleka shambani. Mikorosho ilikuwa inaanza maua, na kwenye baadhi ya vishada kulikuwa na kitu cheupe kama mtu aliyenyunyiza unga wa sembe. Ndio ubwiriunga, ugonjwa unaounguza maua. Alikipangusa kwa kidole gumba, ua likanyauka vidoleni mwake.

"Hawa majirani zangu walikuwa na mashine za mgongoni," alisema. "Nyingi zimekufa. Wananisubiri mimi. Nikiruka sasa, tunavuna. Nikiruka maua yakishaungua, navuna majani."

Kisha akasema jambo lililoninyima usingizi: "Mimi najua kuendesha. Injini siijui. Utaniambia wewe, ruka au usiruke. Ukisema ruka, naruka."

Alilisema kama mtu anayeniomba chumvi. Nilimtazama shingo yake nyembamba, nikaona jinsi injini yangu itakavyokaa nyuma yake, na propela nyuma ya injini, na chini ya vyote hivyo hakuna kitu.

Tuliifunga. Fremu ilikubali, bolti zikaingia, mikanda ikakaza. Propela ilikuwa ileile ya zamani, ya mbao, nzima kabisa. Siku ya kuwasha, nusu ya Mkunya ilikuja uwanjani. Tuliweka mawe mbele ya magurudumu ili isiondoke mapema. Baba Zuhura akapanda, akashusha miwani. Nikavuta kamba ya kuwashia, injini ikakohoa, ikashika. Sauti ilikuwa safi. Nilitaka kulia. Nikampa ishara aongeze moto.

Ndege ikaondoka. Kinyumenyume.

Haikwenda haraka. Ilirudi kwa adabu, kama mtu anayetoka mbele ya mfalme, nayo mawe yakabaki pale mbele yakiwa hayana kazi. Watu wa nyuma wakatawanyika, Baba Zuhura akazima. Kisha uwanja mzima ukalipuka kwa vicheko.

Nami pale pale nilijua. Gia mbili zikikutana, moja ikienda kulia, nyingine huenda kushoto. Mikanda haifanyi hivyo. Puli zote mbili huzunguka upande mmoja. Nilikuwa nimetoa gia nikaweka mikanda, na propela sasa ilikuwa ikizunguka kinyume na ilivyochongwa. Mwanafunzi wa kidato cha pili angeniambia. Nilikuwa nimekagua kamba za sanduku kutoka Keko hadi Newala, na hilo sikulifikiria hata mara moja.

"Nimekosea," nilimwambia Baba Zuhura alipokuwa akishuka.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi ya kicheko yakimtoka chini ya miwani. "Mngoni," alisema, "hii sijawahi kuiona. Ndege ya kurudi kwao."

"Baba Zuhura, kweli nimekosea. Nilisahau gia."

"Alisahau gia," akawatangazia watu, nao wakaanza upya.

Ndivyo ilivyokuwa. Kadiri nilivyokiri, ndivyo walivyozidi kuamini kwamba ni utani, kwa sababu mtani hodari hacheki mzaha wake mwenyewe, na mimi nilikuwa na uso wa mtu aliyefiwa mara ya pili. Wazee walikuja kunipa mkono. Mmoja alisema Wangoni tangu zamani ni watu wa mbinu. Wachache waliotaka kunisaidia walisema nigeuze propela, nyuma iwe mbele. Nilichukua bolti na nati, nikawaonyesha kwamba nati ukiigeuza bado inakaza upande uleule, na propela ni hivyohivyo. Wakasema naam, naam, lakini huku wakitazama kama nina propela nyingine nimeificha mahali.

"Nakupa mpaka kesho," alisema Baba Zuhura, "uitoe ile ya kweli."

Jioni Mama Zuhura aliweka chakula mbele yetu. Baba Zuhura alikula akisimulia tena tukio lote kwa sauti ya injini. Mimi nilikata tonge, nikalizungusha, nikalirudisha. Kilichonitisha kilikuwa kitu kingine kabisa, wala si aibu. Kama jambo kubwa namna ile lilinipita, madogo yaliyonipita yalikuwa mangapi? Na huyu mtu, kwa kuamini kwamba sikukosea, alikuwa tayari kuketi mbele ya injini ile nikimwambia tu ruka.

Mama Zuhura alikuwa akinitazama. "Baba Zuhura," alisema, "nyamaza kidogo."

"Nini?"

"Huyu hatanii. Mtani akikuweza, anakula mpaka sahani. Huyu hajaonja."

Baba Zuhura alinigeukia. Kile kicheko kilimwondoka usoni polepole, toka juu kwenda chini.

"Kwa hiyo hukujua."

"Sikujua."

"Na mengine yanaweza kuwepo ambayo hujui."

"Yanaweza."

Alinawa mikono, akaifuta muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mama Zuhura alikusanya vyombo kimoja kimoja, ila sahani yangu akaiacha. Nilidhani ataniambia nifunge sanduku langu.

"Aliyenifundisha kuruka," alisema mwishowe, "hakuwahi kuniambia hajui. Upepo ukimgeuka alisema ameutaka mwenyewe. Akaja akavunja mguu kule Mnyambe." Akafikiri. "Inatengenezeka?"

Nikamwambia inatengenezeka. Krenki ya Foksi, ule mhimili unaotoa nguvu ya injini, ina ncha mbili. Tukiigeuza injini nzima, kisogo kiwe uso, na kuchukua nguvu kutoka ncha ya pili, propela itazunguka inavyotakiwa. Ila puli yangu haikai kwenye ncha ile. Inahitaji kipande cha chuma cha kuiunganisha, na kipande hicho kinahitaji mashine.

"Basi kesho unashuka Masasi," alisema Baba Zuhura. "Sasa kula. Huyu mwanamke hajapika ili tuangalie."

Kushuka Masasi na kupanda tena

Nilishuka na puli kwenye gunia, na kila aliyepanda gari aliuliza kama narudi kinyumenyume. Nilikuwa nimeanza kuelewa. Nikasema ndiyo, na kwamba wakiona Masasi inatokea upande wa nyuma wasishangae. Walicheka kidogo, kwa heshima. Ilikuwa hatua.

Fundi Kanisius hakucheka. Nilichora kipande kwa chaki sakafuni, tukabishana juu ya unene, mimi nikitaka kinene zaidi kwa ajili ya usalama, yeye akitaka chembamba kwa ajili ya uzito, tukakubaliana katikati. Umeme ulikatika kipande kikiwa nusu. Tuliusubiri kibarazani, tukala karanga, mpaka mke wake akaja kuuliza kama nimehamia. Umeme uliporudi, kipande kikakamilika, nami nikaomba tukipime tena. Tukakipima. Nikaomba tena.

"Mngoni," alisema Kanisius, "unakipima kwa sababu kina kosa, au kwa sababu unaogopa?"

"Naogopa."

"Basi pima mara moja tu zaidi. Kosa huwa halihamihami."

Mkunya tuligeuza injini. Uzito ulisogea kidogo nyuma, tukasogeza tanki mbele kulirekebisha. Safari hii mawe tuliyaweka mbele na nyuma, na mkia wa fremu tukaufunga kwa mnyororo kwenye shina la mkorosho. Hayo yalikuwa matakwa yangu, na Baba Zuhura aliyakubali yote bila mzaha. Nikawasha. Ndege ikavuta kwenda mbele, mnyororo ukanyooka, majani ya mkorosho yakatikisika. Tuliiacha ivute mpaka tanki likakauka. Nilipokwenda kugusa bolti kwa spana, moja ilikuwa imelegea robo mzunguko. Nilimwonyesha Baba Zuhura. Tukaifungia waya. Tukajaza tanki, tukaivutisha tena mpaka likakauka. Safari hii hakuna iliyolegea.

Watu waliokuja kutazama walichoka wakaenda zao. Hakuna kinachochosha kama ndege iliyofungwa kwenye mti.

Mstari kwa mstari

Asubuhi iliyofuata ukungu uliondoka mapema na hewa ikawa imetulia. Baba Zuhura alikaa kitini, akavaa miwani, akaniita karibu ili asipige kelele.

"Nakuuliza sasa. Niruke?"

Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu. Nikayaacha.

"Nimekagua kila ninachokijua," nilisema. "Nisichokijua sijakikagua."

"Hata mimi upepo ndivyo ninavyoukagua."

"Basi ruka. Lakini chini, juu ya njia, usivuke miti mpaka urudi tuitazame."

Aliitika kwa kichwa, akaongeza moto. Nilimwona akikimbia juu ya nyasi, nikaona gurudumu la mbele likiinuka, kisha hewa ikawa chini yake. Nilishika kichwa kwa mikono miwili na sikuweza kuitoa. Alikwenda mpaka mwisho wa njia, akageuka kwa upana, akarudi, akatua akirukaruka kidogo kama kuku aliyetupwa. Tukatazama. Nikagusa kila bolti. Akaenda tena, mbali zaidi, akarudi.

"Inavuta kidogo kushoto," alisema.

"Sana?"

"Kidogo. Nitaizoea." Alikuwa ameshaanza kumimina salfa kwenye chombo chake.

Sikujua kwamba kupulizia kunahitaji mtu wa chini. Rubani akiwa juu haoni ni mstari upi ameshaumaliza, kwa hiyo mtu husimama mwisho wa mstari wa mikorosho na kitambaa kwenye mti mrefu, na ndege ikishampita anakimbilia mstari unaofuata. Mama Zuhura alinipa mlunda uliofungwa kanga nyekundu. Nilimuuliza kwa nini mimi. "Kwa sababu ukisimama hapa utaharibu bolti kwa kuzigusa," alisema.

Kwa hiyo nilisimama. Ilikuja moja kwa moja kwangu, juu kidogo tu ya vilele, injini yangu, mikanda yangu, kipande cha Kanisius, na Baba Zuhura mbele ya vyote hivyo. Mstari wa kwanza niliisikiliza kama daktari. Nilisikia silinda zote nne. Nilisikia, au nilidhani nasikia, mkanda mmoja ukilia. Ikapita, vumbi la njano likashuka, nikakimbilia mstari wa pili nikaisikiliza tena. Na wa tatu. Mkanda haukuwa unalia. Kwenye mistari ya katikati nilianguka juu ya kisiki nikachelewa, naye akazunguka hewani kunisubiri, akinipungia mkono kwa hasira au kwa mzaha. Akina mama waliokuwa pembeni ya shamba walinipigia kelele kwamba Wangoni mbio wamezisahau. Niliwajibu kwamba babu zangu walikuwa wanakimbia kufuata kitu cha maana. Walipenda hilo, niliwasikia wakilirudia.

Salfa ilikuwa imeniingia masikioni, puani, kwenye mifuko. Miti niliyoipita ilikuwa na ung'avu wa njano kwenye maua yake, na majirani wa Baba Zuhura walikuwa wakitembea chini yake wakitazama juu. Nilikuwa nikitafuta mahali pazuri pa kusimika mlunda wangu kwenye mstari mwingine, nikihofia kisiki, nikifikiria jibu la kuwarudishia wale akina mama, wakati kivuli cha bawa kiliponipita usoni. Niliinua kichwa, ndege ilikuwa imeshapita. Sikuwa nimeisikiliza.